Kwa nini ioni nzito na sio leza
Umeuliza kwa nini kwenye fyusheni (kuunganisha viini vya atomi ili kupata nishati) wahangaike na ioni nzito, yaani atomi nzito zenye chaji, wakati leza ishafanya kazi, sasa cheki, NIF, maabara ya leza kule Marekani, Desemba 2022 walipiga shabaha, yaani kidonge kidogo cha mafuta ya fyusheni, kwa nishati ya megajuli 2.05 wakapata 3.15, safi sana, ila leza yenyewe ilikula umeme kama megajuli 300 na haiwezi kupiga mara kadhaa kila sekunde kama kituo cha umeme kinavyotaka. Akselereta, mashine ya kuzipa ioni kasi, inaweza, na haipotezi umeme hovyo hivyo. Kazi iko kwenye kuzibana hizo ioni, zote zina chaji chanya kwa hiyo zinasukumana, na wewe unataka zitue pamoja kwenye kashabaha ka milimita chache ndani ya nanosekunde kama 10! Maabara ya Berkeley, Marekani, walijenga akselereta ya NDCX-II wajaribu kuzibana hivyo, mashine ndogo tu. Ile kubwa ya kuwasha fyusheni yenyewe, aisee, bei yake ndo inakimbiza wafadhili