Gemu kibao, mwisho sijauona: barua zenu za mwezi huu

Mwezi huu barua karibu zote zimekuja na kilio kimoja. Watu wanaanza gemu na moto wote afu wanaiacha njiani, wanahamia nyingine, nayo wanaiacha njiani. Nikaona tuziweke pamoja tumalizane nazo. Barua ndefu nimezipunguza, na majina ni ya kujibatiza wenyewe.

Kaka habari za kazi. Mimi nacheza The Witcher 3, nafika mbali vizuri tu, afu masomo yananibana nakaa wiki kadhaa bila kugusa pedi. Nikirudi sikumbuki kitu, vitufe nimesahau, yule mtu nilikua namtafuta wa nini sijui, begi limejaa madude sielewi ya nini. Basi naona bora nianze upya tu. Nimeanza upya mara nyingi mpaka kile kijiji cha mwanzo nakijua kama mtaani kwetu ila mwisho wa gemu sijawahi kuuona hata kwa mbali. Nifanyeje? – Wa Mwanzo Tu

Wa Mwanzo Tu, jina umejipa mwenyewe na limekukaa. Kusahau sio tatizo lako, kila mtu anasahau. Tatizo ni hiyo tabia ya kuanza upya. Gemu hiyo ya 2015 stori yake peke yake inakula kama masaa 50, ukitaka kila kitu unapita 150, sasa mtu mwenye masomo anayepata masaa mawili matatu kwa wiki hapo tunaongelea miezi na miezi, na ndani ya hiyo miezi lazima kitu kitaingilia, mtihani, msiba, safari, mapenzi, chochote. Kwahiyo mapumziko yatakuwepo tu upende usipende. Ila kila ukianza upya unayalipa tena yale masaa ya mwanzo, na mwanzo ndio sehemu inayoenda polepole kuliko zote maana gemu inakufundisha kutembea, unachoka, unaacha kabla hujafika hata pale ulipokua. Na sevu yako ya zamani, yaani pale ulipohifadhi gemu, muda wote iko palepale inakusubiri.

Ifungue. Ikiwa inalodi usichezee simu, sikiliza, kuna sauti inakusimulia kwa kifupi stori imefika wapi, yaani waliotengeneza walishajua kuna watu kama wewe, sema wengi wanaibonyeza ipite. Afu siku hiyo usiguse misheni yoyote ya stori. Toka nje ya mji pigana na mbwa mwitu, pigana na majambazi wa barabarani, jaribu kila kitufe uone kinafanya nini. Ukifa unarudi kwenye sevu, hakuna hasara. Vidole vinakumbuka haraka kuliko kichwa, nusu saa hivi utashangaa mwenyewe. Begi lililojaa uza yote usiyoyaelewa, vifaa vya misheni gemu imevitenga na huwezi kuvipoteza kwa bahati mbaya. Baada ya hapo ndio ufungue orodha ya misheni, chagua ile ya stori, moja tu, uifuate.

Na kuanzia sasa usizime gemu pale ulipomaliza misheni kubwa. Najua ndipo panapoonekana pazuri kuishia, ila ukiishia hapo kesho huna sababu ya kurudi. Pokea misheni inayofuata, nenda mpaka mlangoni, sevu, zima. Kwenye simu andika mstari mmoja, "naingia pangoni kumtafuta fulani, ana sumu, ninywe dawa kwanza". Mstari huo utakuokoa kuliko video zozote za kukumbushia.

Mshauri mimi siwezi kuona alama kwenye mapu nikaipita. Breath of the Wild niko nayo tangu zamani sana, nakusanya zile mbegu za Korok, kila nikisema sasa naenda kwa Ganon, adui wa mwisho, nakumbuka kuna mlima sijapanda. Skyrim ndio usiseme, nilijiambia nimalize kwanza misheni zote ndogo ndio niingie stori, sasa hazipungui, nikimaliza moja zinakuja mbili. Nina ugonjwa gani? – Dada Mkusanyaji

Dada yangu, huo wa Skyrim sio ugonjwa wako, ni gemu ilivyoundwa. Kuna aina ya misheni ndogo mle ndani inatungwa na gemu yenyewe, inachagua pango, inachagua adui, inakutuma, ukirudi inatunga nyingine. Haina mwisho kabisa. Kwahiyo ule mpango wa kumaliza ndogo zote kwanza hauwezekani hata ungekaa hapo tangu ilipotoka 2011 mpaka leo, na naamini kuna watu wamekaa.

Za Korok nazo hebu nikwambie. Ziko 900. Ili uongeze nafasi zote za kubebea silaha, pinde na ngao unahitaji 441 tu, yaani hata nusu haifiki. Zinazobaki ukizikusanya zote mpaka ya mwisho unapewa kitu cha dhahabu chenye umbo la kinyesi pamoja na densi. Sikutanii. Watengenezaji wamekuwekea utani pale kukuonyesha kwamba hukutakiwa kuzitafuta zote, ziko nyingi ili popote upitapo ukutane nazo mbili tatu basi. Tena gemu hiyo ukishatoka tu kwenye ile nyanda ya mwanzo imekuruhusu kwenda moja kwa moja kwa Ganon, hakuna anayekuzuia isipokua kipigo.

Ushauri wangu kwa watu wa aina yako huwa watu hawaupendi. Maliza stori kwanza, usafi wa mapu baadaye. Wengi mnafanya kinyume, mnasafisha mapu nguvu zikiwa bado nyingi, mnafika kwenye stori mmeshachoka na gemu nzima, na mhusika wenu ameshakua na nguvu kupita kiasi hata bosi wa mwisho hatishi. Stori ndio inayovuta. Alama za kwenye mapu hazina cha kukufanya ujiulize kesho itakuaje. Ukimaliza stori na bado una hamu ya milima basi panda, hapo unapanda kwa raha sio kwa deni. Kama macho yanakusumbua, ingia setingi za gemu unayocheza, gemu nyingi za siku hizi zinaruhusu kuficha alama za mapu. Ficha zote ubaki na ya stori.

Ohoo na kitu kingine, wewe nahisi pia ni wale wa kutunza dawa kali "kwa ajili ya bosi". Zinywe. Gemu inaisha mtu ana dawa begi zima.

Ofa ikitokea nanunua. Gemu za bure nachukua. Nimejiunga na ile huduma ya kulipia kwa mwezi pia. Jioni nikikaa nachagua nicheze nini mpaka muda unaisha nalala. – Mwenye Mali

Mwenye Mali, wewe unacheza gemu ya kuchagua gemu. Mambo yalibadilika haraka sana, Game Pass, huduma ya kulipia kwa mwezi, ilikuja 2017, duka la gemu la Epic likaja mwisho wa 2018 likaanza kugawa gemu za bure mara kwa mara, kabla ya hapo mtu alikua na diski chache, akichoka na hii anarudi kwenye ile maana hana nyingine. Ukosefu ulikua unatulazimisha kumaliza. Sasaivi inabidi ujitengenezee ukosefu wako mwenyewe. Futa kila kitu kwenye konsoli ubakize mbili, moja ndefu na moja ya kucheza ukiwa umechoka. Kufuta hakukunyang'anyi, bado ni zako na kwa kawaida sevu inabaki, ila hakikisha kwanza imehifadhiwa. Ile hali ya kwamba ukitaka nyingine lazima usubiri ishuke upya inatosha kukutuliza makalio. Na kabla hujaianza ndefu angalia tovuti ya HowLongToBeat, watu wameandika mle kila gemu imewachukua masaa mangapi. Gemu ya masaa 100 kama Persona 5 sio ya mtu anayeanza kazi mpya wiki ijayo.

Kaka nimekwama kwenye GTA San Andreas. Ile misheni ya treni nilipita kwa shida, sasa shule ya urubani imenishinda, na kile kindege kidogo cha Zero ndio kabisa kinaishiwa mafuta. Nimeacha kwa hasira. – CJ wa Nyumbani

Pole CJ. Hiyo gemu ni ya 2004 na mpaka kesho itaendelea kuzalisha hasira. Tuanze na habari njema, misheni za Zero sio lazima. Zinakuja ukinunua duka lake, na stori inaisha vizuri bila hata moja, kwahiyo achana na hicho kindege kama hutafuti asilimia 100. Watu wangapi wameiacha San Andreas kwa ajili ya kitu ambacho hakikua njiani mwao!

Urubani ndio huwezi kuukwepa. Ila hutakiwi kupata dhahabu, shaba inatosha na shaba ni alama 70. Wengi wanarudia rudia wakitafuta 100 mpaka wanaichukia ndege. Ukipata 70 songa. Gusa vitufe kidogo kidogo, ndege ya mle ukiivuta kwa nguvu inayumba, na magurudumu ukishapaa yapandishe. Kwa wenzako waliokwama kwenye treni, dawa ni kutoibana treni, kaa nayo sambamba pembeni kwa umbali kidogo ili Big Smoke, mwenzako uliyempakia, apate nafasi ya kulenga waliopanda juu, ukiwa karibu sana anapiga mabehewa. Na lile toleo jipya la 2021 pamoja na lawama zake zote, ukishindwa misheni linakuruhusu kuirudia hapohapo bila kuendesha gari kutoka hospitali.

Nikipunguza ugumu wa gemu mume wangu anasema sijamaliza, nimebebwa. Kweli? – Mke wa Bingwa

Sio kweli dada. Celeste ya 2018, gemu ya kupanda mlima inayosifika kwa ugumu, watengenezaji wake wenyewe wameweka sehemu ya kupunguza spidi, kuongeza nguvu, hata kutokufa kabisa, na ukitumia unafika kileleni kulekule na stori ni ileile. Muulize huyo bwana, kwenye gemu ya Elden Ring aliitumia mizimu ya kumsaidia kupigana au hakuitumia, afu tazama uso wake. Mle hakuna setingi ya ugumu, wepesi umefichwa ndani, unaita msaada, unamuacha bosi wa mwanzo Margit unaenda kusini kujinoa kwanza ndio unarudi. Anayekaa kwa Margit usiku kucha akiwa na levo ndogo anajitesa tu, gemu haijamwambia akae.

Nina gemu nzuri za stori ila kila nikiwasha nasema mechi moja tu ya onlaini nipashe misuli, nikishtuka saa saba usiku. – Mechi Moja

Hizi gemu za mechi, za mpira, za kurushwa na ndege mkabaki mmoja, ni za kurudi kila siku, hazina pa kuishia. Kazi za kila siku, msimu unaokwisha tarehe fulani, zawadi ukiingia siku mfululizo, vyote vinakwambia ukikosa leo umekosa. Stori haisemi hivyo, Geralt wa The Witcher atakusubiri hata mwaka, ndio maana kila siku yeye ndiye anayeahirishwa. Sikwambii uache mechi, marafiki zako wako huko na raha iko huko. Geuza mpangilio tu. Stori kwanza ukiwa na akili mpya, saa moja kamili, mechi baadaye ukiwa umechoka, kwa sababu mechi inachezeka hata ukiwa umechoka (utafungwa lakini inachezeka) wakati stori ukiwa umechoka unaruka maongezi, ukiruka maongezi huelewi, usipoelewa unaacha.

Na kama mwisho umekua kitu cha kusimuliwa tu, anza na gemu fupi. Journey ni kama masaa mawili, unamaliza kwa kikao kimoja. Portal ya 2007 au Inside ya 2016 ni jioni mbili hivi. Ukishaona majina ya watengenezaji yanapita mara moja mbili utaitaka ile hali tena.

Hivi ni lazima kumaliza? Nyingine sizipendi tu. – Muungwana

Futa. Usiombe ruhusa. PlayStation na Steam zinaonyesha asilimia ya wachezaji waliopata kila kombe, yaani tuzo ya kufika hatua fulani, tafuta lile la kumaliza stori kwenye gemu yoyote ndefu, mara nyingi utakuta hata nusu yao hawajalipata, na hao ni watu waliolipa pesa. Angalia tu isiwe unaikimbia kwa sababu ya sehemu moja ngumu. Kama ni sehemu moja shusha ugumu upite. Kama ni gemu nzima, kwaheri.

Tunabishana na kaka yangu. Yeye anasema Pac-Man haina mwisho, mimi nasema inao. Tumewekeana dau. – Mdogo Mtu

Dau ni lako, ila kwa shida. Waliotengeneza Pac-Man mwaka 1980 hawakuiwekea mwisho, walitegemea hakuna atakayefika mbali hivyo. Sasa namba ya levo inahifadhiwa kwenye sehemu ndogo ya kumbukumbu ambayo haivuki 255, ukifika levo ya 256 hesabu inavurugika, nusu ya kulia ya skrini inajaa herufi na takataka, na vidoti vya kula havitoshi kumaliza levo. Hapo huendi popote. Kaka yako akisema hiyo ni hitilafu sio mwisho, mwambie dau lilikua ni kama inaisha, sio inaishaje.