Maswali ya wahariri: ninunue kitabu kipi?

Nimeanza kuhariri kwa kulipwa. Kati ya miongozo ya uandishi, nichukue Chicago ama AP?
Hilo muulize anayekulipa, mimi sina kura hapo. Habari za gazeti ni AP, vitabu na majarida ya wasomi mara nyingi ni Chicago. Na hawa wawili wanagombana kwelikweli: AP namba ni kwa maneno mpaka tisa, kutoka 10 ni tarakimu, Chicago anaenda na maneno mpaka mia moja, halafu ile koma kabla ya "and" ya mwisho Chicago anaitaka, AP kwa kawaida anairuka.

Niko na Chicago toleo la 17, nilipata mtumba huko tao. Ni lazima ninunue ya 18?
Yako ni ya 2017, mpya ilitoka 2024. Usikope. Badiliko moja utakalokutana nalo haraka ni kwamba mji wa mchapishaji si lazima tena kwa marejeleo ya vitabu. Mteja akisema wazi anataka ya 18, lipia ile ya mtandaoni na uweke hiyo gharama kwa bei yako.

Chicago ni ya Wamarekani na sisi shuleni tulisoma spelingi ya Waingereza. Sasa?
Koma na marejeleo fuata Chicago, spelingi fuata kamusi ya Oxford, hakuna atakayekushika. Lakini chunga z! Watu wengi hapa Nairobi wanadhani "organization" ni Umarekani, kumbe Oxford wenyewe wanaiandika hivyo, na UN pia, na "programme" wanaiacha na ile -me yake. Mimi niliwahi kupewa ripoti ya watu wa UN kule Gigiri nikageuza kila z kuwa s, kurasa 90, usiku kucha na chai, asubuhi nikaambiwa nirudishe zote. Na mwongozo wa UN uko mtandaoni, bure kabisa, ningeuliza tu.

Na nikihariri Kiswahili?
Maneno shika Kamusi Kuu ya BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa, Tanzania) ya 2015, ama Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI (taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam). Mengine fungua faili yako kwa kila mteja uandike mliyoamua, kama ni "asilimia 20" ama "20%", na hasa saa, juu kuna mtu ataandika "saa 8 asubuhi" akifikiria Kiingereza na wewe uipitishe, halafu wageni wafike saa nane mchana wakute viti vinakunjwa.