Maswali na Majibu: Unapotunga riwaya ya wasichana Weusi shuleni zama za utumwa Marekani

Barua za safari hii zimetoka kwa waandishi wanaotunga hadithi za wasichana Weusi waliosoma Marekani kabla ya utumwa kukomeshwa nchi nzima mwaka 1865. Mmoja ametuuliza habari za Unguja, naye tumemjibu.

Mhusika wangu ana miaka 12, ni mtumwa, na anasoma shule ya bweni ya Connecticut mwaka 1833. Rafiki yangu anasema haliwezekani hilo. Ni kweli?

Msikilize rafiki yako. Shule unayoikusudia bila shaka ni ile ya Prudence Crandall, mwalimu Mzungu, katika kijiji cha Canterbury jimboni humo. Iliwapokea mabinti wa Weusi huru, wengine kutoka miji ya mbali kama Providence, New York na Philadelphia. Ada ilikuwa dola 25 kwa robo mwaka, nusu yake ikilipwa kabla. Kwa hiyo kabla hujamfungashia binti sanduku, amua mzazi wake anafanya kazi gani: baharia, kinyozi, mkulima mwenye shamba lake. Hesabu ya ada peke yake inaweza kukupa sura nzima ya kwanza.

Usije ukaandika, hata hivyo, kwamba Connecticut ilikuwa imeshamaliza utumwa. Sheria yake ya mwaka 1784 iliufuta kidogo kidogo, ikianza na watoto waliozaliwa baada yake, na kazi hiyo haikukamilika hadi 1848. Mwaka 1833 binti yako angeweza kabisa kukutana njiani na mzee ambaye bado ni mali ya mtu.

Kilele cha hadithi yangu ni umati kuichoma moto shule hiyo. Nifanyeje ili kitishe zaidi?

Usiichome. Jengo halikuteketea, bado limesimama hadi leo, na mambo yaliyotokea kweli yanatisha kuliko moto kwa sababu yalikwenda polepole.

Fuata mpangilio huu. Shule ilifunguliwa mwaka 1831 kwa wasichana Wazungu. Mwishoni mwa 1832 Sarah Harris, binti Mweusi wa miaka 20, mtoto wa mkulima, aliomba nafasi apate elimu ya kutosha kuwafundisha watoto wa watu wake. Alipokubaliwa, wazazi Wazungu wakaanza kuwaondoa mabinti zao. Crandall akaifunga shule, kisha Aprili 1833 akaifungua upya kwa wasichana Weusi.

Hapo ndipo kijiji kilipogeuka. Wenye maduka walikataa kuwauzia chakula. Kisima chao kilitiwa samadi, ikabidi baba yake mwalimu awaletee maji kutoka shambani kwake. Ann Eliza Hammond, binti wa miaka 17 kutoka Providence, alitishwa kwa sheria ya zamani ya wazururaji: faini ya dola 1.67 kwa kila wiki atakayokaa, na asipolipa wala kuondoka, viboko visivyozidi 10 mgongo ukiwa wazi. Marafiki wa shule walisimama kumdhamini. Tarehe 24 Mei 1833 bunge la jimbo likapitisha sheria ya kukataza kuwafundisha Weusi wasio wakazi wa jimbo bila kibali cha maandishi cha wakuu wa mji. Isome tena sentensi hiyo, kwa maana waandishi wengi huikosea: kosa halikuwa kumfundisha kila Mweusi, lilikuwa kumfundisha mgeni bila kibali. Sarah, mkazi wa jimbo hilo, hakuguswa na kifungu hicho. Mwenzake wa dawati moja kutoka New York aliguswa. Mvutano wa wahusika wako uko hapo.

Crandall alikamatwa tarehe 27 Juni akalala jela usiku mmoja. Kesi ya kwanza, mwezi Agosti, wazee wa baraza hawakuafikiana. Ya pili, Oktoba, alitiwa hatiani. Julai 1834 mahakama ya juu ya jimbo iliifuta hukumu kwa kasoro ya hati ya mashtaka, bila kuligusa suala lenyewe la haki. Usiku wa tarehe 9 Septemba 1834 watu wakaizunguka nyumba na marungu na vyuma, wakavunja madirisha. Kesho yake shule ikafungwa.

Ukitaka kitishe, kaa ndani na wasichana gizani. Waache wasikie kioo cha dirisha moja kikivunjika, halafu kingine, kutoka pande zote za nyumba kwa pamoja.

Nina sura nzima ya somo la kuandika. Walitumia nini?

Kwanza, kusoma na kuandika yalikuwa masomo mawili, na kuandika kulifuata baadaye. Msichana aliyefundishwa na kanisa aliweza kusoma Injili vizuri asijue kuandika jina lake. Hata watawala waliyatenganisha: sheria ya South Carolina ya mwaka 1740 ilitoza paundi 100 kwa kumfundisha mtumwa kuandika, kwa sababu ajuaye kuandika anaweza kujitungia hati ya kusafiria.

Anayeanza huandika kwenye sleti kwa kijiti cha jiwe, anafuta, anarudia. Karatasi ilitengenezwa kwa matambara na ilikuwa ghali, haichezewi. Akiendelea hupewa kalamu ya unyoya wa bata bukini. Unyoya wa bawa la kushoto ulipendwa na wanaotumia mkono wa kulia, maana hujipinda kwenda nje, mbali na macho. Shina lake hukaushwa kwenye mchanga wa moto mpaka liwe gumu, likakwanguliwa, likakatwa mshazari kwa kisu kidogo, kisha ncha ikapasuliwa katikati. Mpasuko ukiwa mfupi, wino hautoki. Ukizidi, ncha zinatanuka na doa linadondoka katikati ya neno. Ncha huchakaa upesi, hivyo kisu kiko mezani muda wote, na kujua kuchonga kalamu ni sehemu ya somo.

Wino ulitokana na vinundu vya mti wa mwaloni, salfeti ya chuma na gundi ya mgunga. Ukiandika unaonekana hafifu, kisha hewa inaukoleza uwe mweusi. Usiku wa baridi kali huganda kwenye kichupa. Asubuhi mtu huusogeza karibu na moto. Taa ya mafuta ya taa usiiweke kabisa mwaka 1833. Weka mshumaa wa mafuta ya mnyama, unaotoa moshi na kunuka, au taa ya mafuta ya nyangumi.

Hadithi yangu iko Kusini. Je, shule za siri zilikuwepo kweli?

Zilikuwepo, na mfano mzuri ni Savannah, jimbo la Georgia. Susie King Taylor, aliyezaliwa utumwani mwaka 1848, alisoma jikoni kwa mjane mmoja Mweusi huru, pamoja na watoto 25 hadi 30. Walifika saa tatu asubuhi, vitabu vimefungwa karatasi ili polisi na Wazungu wasivione. Waliingia langoni mmoja mmoja, na majirani wakidhani wanajifunza kazi ya mikono. Kutoka nako hakukuwa kwa kundi. Mwandishi akiwaachia watoto wote watoke mbio wakicheka, ameiua siri yao.

Elimu hiyo ilikuwa na matumizi siku hiyo hiyo. Susie alimwandikia bibi yake hati za kupitia usiku, maana Mweusi bila karatasi alikamatwa, awe mtumwa au huru. Mkono wa mtoto ukitetemeka kwenye herufi moja, bibi analala kizuizini.

Tahadhari mbili. Kila jimbo lilikuwa na sheria zake. Virginia ilipiga marufuku mikutano ya kuwafundisha Weusi huru Aprili 1831, ikitishia Mzungu atakayefundisha faini hadi dola 50 na kifungo hadi miezi miwili. Waandishi hupenda kusema sheria hiyo ilitungwa kujibu uasi wa watumwa ulioongozwa na Nat Turner, lakini uasi ulikuja Agosti. Maryland nayo ilikuwa na watumwa bila kuwa na katazo la namna hiyo. Ndiyo maana Baltimore, mji wa jimbo hilo, mwaka 1828 mwanamke Mweusi Mary Lange aliweza kuwafungulia wasichana Weusi shule ya Kikatoliki hadharani. Chagua mji na mwaka kabla hujachagua hofu.

Mhariri wangu anataka mwalimu Mzungu awe ndiye shujaa. Nifanyeje?

Mpinge kwa ukweli. Aliyeanzisha jambo lote Canterbury ni Sarah Harris alipobisha mlango na kuuliza. Kabla yake kulikuwa na Mariah Davis, msichana Mweusi aliyefanya kazi za nyumbani pale, ambaye ndiye aliyempa mwalimu gazeti la wapinga utumwa alisome. Crandall alikuwa jasiri, na ujasiri wake haupungui hata kidogo ukiwapa hao wawili nafasi yao. Sarah aliolewa Novemba 1833, na binti yake wa kwanza alimpa jina la mwalimu wake.

Mimi niko Unguja. Kwetu hakuna kisa cha namna hii?

Kipo, Mbweni. UMCA, misheni ya Kianglikana, ilinunua shamba hilo mwaka 1871, na wasichana waliookolewa na manowari za Waingereza kutoka majahazi ya watumwa walisomeshwa hapo. Caroline Thackeray alifika mwaka 1877 kuiongoza shule. Soko la watumwa lilikuwa limefungwa 1873, lakini utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Unguja hadi 1897, hivyo wasichana wako wanasoma huru huku jirani bado anamilikiwa. Masomo yalikuwa kwa Kiswahili. Vifaa vya Canterbury usivihamishie huko; kufikia miaka hiyo nibu za chuma zilikuwa zimeenea.

Binti yuko Canterbury, mama yuko New York na hajui kusoma. Barua zinakwendaje?

Bahasha haikutumika. Karatasi yenyewe hukunjwa, huzibwa kwa nta, na anwani huandikwa mgongoni. Hadi mwaka 1845 nauli ilihesabiwa kwa idadi ya karatasi na umbali: karatasi moja ilianzia senti 6 kwa maili 30 za kwanza na kufika senti 25 ikivuka maili 400, na karatasi mbili zilitozwa mara mbili. Ndiyo maana watu waliijaza karatasi, wakaigeuza ubavu na kuandika tena juu ya mistari ya kwanza. Stempu za serikali hazikuwepo bado, na kwa kawaida aliyelipa ni mpokeaji. Mama atazitoa senti zake dirishani posta kabla hajajua binti ni mzima au mgonjwa, kisha ndipo aanze kutafuta wa kumsomea.