Kwa mama wa Tanga: homa ikigoma kushuka, taja fangasi

Mama mwenzangu, ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Mtoto wa kiume, bado mchanga, mpira wa mkojo umo, antibayotiki zinabadilishwa na homa iko palepale. Wanakwambia ni UTI sugu, yaani maambukizi ya njia ya mkojo yasiyosikia dawa. Na mimi niliambiwa hivyohivyo.

Wangu alizaliwa na vali kwenye njia ya mkojo, vile vikunjo vinavyowapata watoto wa kiume tu na kuziba njia. Mkojo ulikuwa unadondoka matone, haurushi, na figo zote mbili zilijaa maji. Akawekewa mpira, akachomwa antibayotiki kali. Hapo ndipo fangasi hupata nafasi: dawa inafagia bakteria, kandida, aina ya fangasi, inabaki peke yake, na mpira unaipa pa kushika. Nilipouliza kama inaweza kuwa fangasi, daktari alicheka mbele ya wanafunzi wake. "Mama, fangasi ni za mdomoni na kwenye pampasi." Kicheko kile ninacho hadi leo. Mkojo ulipooteshwa maabara kuona kimelea gani kinakua, ikatoka kandida, na utrasaundi ikaonyesha donge la fangasi ndani ya figo. Yule bwana hakurudi kitandani kwetu.

Wiki za wodini nazipita, unazijua. Mpira ulibadilishwa, akapewa flukonazoli, dawa ya fangasi, donge likaisha, vali zikakatwa baadaye. Leo anakimbia na kuku wa jirani, na wifi zangu waliosema nimemlaani mtoto kwa maneno sasa wananiomba ushauri.

Kwa hiyo uliza. Uliza mkojo umechukuliwaje, kwa sababu wa kwenye mfuko wa kubandika huokota fangasi wa ngozini na majibu yanadanganya. Wa kuaminika zaidi ni wa mpira mpya au wa kuvutwa kwa sindano moja kwa moja kutoka kibofuni. Uliza kama umeoteshwa. Uliza mpira unatoka lini. Wakikupa nistatini, dawa ya fangasi ya matone ya mdomoni, kwa ajili ya mkojo, uliza tena: ile haiingii kwenye damu, haifiki kwenye figo. Na usinunue antibayotiki nyingine dukani, tafadhali!

Tumelelewa kumwitikia daktari "ndiyo" hata tusipoelewa. Acheni, akina mama. Anayemjua mtoto anavyokojoa ni wewe unayembadilisha pampasi.

Kesho madaktari wakipita asubuhi, omba utrasaundi ya figo irudiwe, kisha niandikie walichosema.