Maji, Nyufa na Jirani: Mambo Anayoyaangalia Mnunuzi Kabla Hajakaa Sebuleni

Mnunuzi anayejua anachokitafuta haanzi sebuleni. Huizunguka nyumba kwa nje kwanza, akiangalia chini ya ukuta na ukingoni mwa paa, na akishaingia hufungua kabati la chini ya sinki na kunusa. Vigae vipya havimbabaishi. Rangi mbichi iliyopakwa ukuta mmoja tu humfanya aulize nyuma yake kumefichwa nini. Sisi tunaouza na kupangisha nyumba humwambia mwenye nyumba neno lilelile, awe anauza mwezi ujao au hana mpango wa kuhama kabisa: anza na maji, fuata nyufa, fuata umeme, na ujirani usiusahau hata siku moja. Bei hushushwa na mambo ambayo yangeisha kwa washa moja (kile kipete cha mpira kilicho ndani ya koki) na nusu saa ya kazi.

Maji ya bomba

Kila anayelala nyumbani humo ajue koki kuu ilipo, watoto wakubwa wakiwemo. Ifunge na kuifungua mara mbili kwa mwaka. Koki ya gurudumu isiyoguswa kwa miaka hujaa kutu na chumvi ya maji ndani, na hugoma siku ileile bomba linapopasuka. Ikigoma usiivamie kwa spana kubwa, shina lake litakatika. Izungushe mbele kidogo na nyuma kidogo mpaka ilegee. Ukishaifungua yote, irudishe robo mzunguko ili ising'ang'anie hapo.

Kujua kama kuna maji yanayopotea, mita inatosha. Funga koki zote, asitumie mtu choo, andika namba za mita mpaka tarakimu ya mwisho, kisha subiri saa moja. Zikisogea, funga koki ndogo iliyo kando ya choo na urudie. Zikitulia, mwizi ni choo. Zikiendelea, funga koki kuu ya nyumba. Zikisogea hata hapo, bomba limetoboka kati ya mita na koki kuu, yaani ardhini, na hapo ndipo pa kuita fundi bomba.

Choo huvuja kimya, kwa hiyo mtihani wake ni rangi. Tia matone matano ya rangi ya chakula kwenye tangi la choo, usiguse kitu kwa nusu saa. Rangi ikionekana bakulini, mpira wa chini hauzibi. Kabla ya kununua mwingine, futa mpira wenyewe na mahali unapokalia, maana chembe ndogo ya chumvi inatosha kuuinua. Mpira uliolainika na kuacha weusi vidoleni hauna dawa, ubadilishe. Kama maji yanamwagikia kwenye bomba la kusimama lililo katikati ya tangi, shusha boya: maji yasimame kama sentimita 2.5 chini ya mdomo wa bomba hilo.

Koki inayodondosha watu huikaza kwa nguvu, na huko ndiko kuiua. Washa husagika, na chuma inachokikalia hupata mikwaruzo. Funga maji, ziba tundu la sinki kwa kitambaa ili skrubu zisitumbukie, fungua kichwa cha koki, toa shina, badilisha washa. Kabla ya kurudisha, pitisha kidole mahali washa inapokalia. Ukihisi mkwaruzo, washa mpya haitakaa mwezi. Pasagwe kwanza au koki ibadilishwe nzima. Koki za mkono mmoja hazina washa, zina katriji, yaani kipande kizima cha ndani kinachofungua na kufunga maji. Nenda dukani na ile ya zamani mkononi, kwa sababu za milimita 35 na za milimita 40 zinafanana sana kwa macho na hazibadilishani. Tepu nyeupe ya nyuzi za bomba ifungwe mizunguko mitano hivi kufuata mwelekeo wa kukaza. Ukiifunga kinyume, inajikunja na kutoka wakati unapoingiza.

Maji machafu

Bomba lililopinda chini ya sinki limepindwa makusudi: maji yanayobaki humo ndiyo mlango unaozuia harufu ya mfereji isirudi ndani. Bafu la chumba cha wageni lisilotumika hukauka pale, na ndiyo maana nyumba iliyofungwa miezi miwili hunuka hata ikiwa safi. Mimina lita moja ya maji kila baada ya wiki mbili. Kama unasafiri, ongeza kijiko cha mafuta ya kupikia juu yake, yatachelewesha kukauka.

Sinki likiziba, weka ndoo chini, fungua bomba hilo kwa mkono, safisha, rudisha. Dawa kali ya kuzibua isiwe chaguo la kwanza. Isipofanya kazi, atakayefungua baadaye atakuta tindikali au magadi makali yakimsubiri usoni, na anayesukuma kwa mpira wa kuzibulia atayarusha.

Ukiona sinki na bafu vinapita polepole siku hiyohiyo, tatizo haliko kwenye sinki. Fungua chemba, lile shimo lenye mfuniko ambamo maji machafu hupita, iliyo karibu na nyumba. Ikiwa tupu, kizuizi kiko kati yake na nyumba. Ikiwa imejaa, kiko mbele yake. Dakika tano za kuangalia hivyo zinaokoa siku nzima ya fundi kuchimba mahali pasipohusika. Mafuta ya kupikia yaliyotumika yasimwagwe kwenye sinki hata kama ni ya moto, kwa sababu yanaganda mita chache mbele, ambako huwezi kufika kwa mkono.

Maji ya mvua

Hapa ndipo nyumba nyingi zinapoharibikia, tena taratibu. Mvua ya milimita 10 juu ya paa la mita za mraba 100 ni lita 1,000. Zote hizo zikimwagwa pembe moja ya msingi, mvua baada ya mvua, udongo hulainika na pembe hiyo hushuka kuliko nyingine.

Gata, yaani mfereji wa ukingoni mwa paa, lishuke kama sentimita moja kwa kila mita tatu kuelekea kwenye bomba la kuteremshia. Limiminie ndoo ya maji upande wa juu uone yanakosimama, kwani majani hukusanyika palepale. Maji yakifika chini yapelekwe mita mbili kutoka ukutani. Ardhi yenyewe iiname kutoka kwenye nyumba, sentimita 15 ndani ya mita tatu za mwanzo.

Kosa tunaloliona sana ni bustani. Mwenye nyumba huongeza udongo, halafu huweka vitofali vya kutembelea juu yake, mpaka uwanja unaipita ile nailoni iliyolazwa ukutani kuzuia unyevu wa ardhi usipande. Tangu siku hiyo nailoni haina kazi. Acheni sentimita 15 kati ya uwanja na mstari huo, na maua yasinyweshwe yakiwa yameegemea ukuta.

Kwenye mabati, kagua misumari kabla ya msimu wa mvua. Mpira wake hupasuka kwa jua na msumari huinuka kidogo kidogo kwa mabati kutanuka na kusinyaa. Kuugonga urudi tundu lilelile hakusaidii, mbao imeshachoka hapo. Weka skrubu ya paa iliyo nene na ndefu zaidi, yenye mpira mpya, uikaze mpaka mpira uguse vizuri bila kukamuka pembeni. Ukipanda, kanyaga juu ya safu za misumari, ndipo kwenye mbao.

Ukuta wenye unyevu

Kabla ya kununua rangi, jua unyevu unatoka wapi. Kata karatasi ya fuili sentimita 30 kwa 30, kausha sehemu ya ukuta, ibandike kwa tepu pande zote nne, iache siku mbili. Matone yakiwa upande wa chumbani, ni mvuke wa ndani: fungua madirisha, sogeza kabati sentimita tano kutoka ukutani, usianike nguo chumbani. Yakiwa upande wa nyuma, ukuta wenyewe una maji.

Sasa angalia umbo la doa. Likipanda kutoka sakafuni na kukomea kwenye mita moja hivi, likiwa na unga mweupe unaopukutika, ni unyevu wa ardhi. Likiwa chini ya dirisha au pembeni mwa dari na kukua mvua inaponyesha, maji yanaingia kwa nje. Likiwa lilelile kiangazi na masika, nyuma yake kuna bomba. Kupaka rangi ya plastiki juu ya ukuta wenye maji ni kuyafungia humo. Yatatafuta njia na rangi itabanduka kwa mabaka. Zuia chanzo, kwangua lipu iliyooza, uache ukuta ukauke wiki kadhaa, ndipo upake.

Kuvu mweusi mdogo husafishwa kwa sabuni na brashi. Ukitumia dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, usiichanganye kamwe na siki, dawa ya choo yenye tindikali wala dawa yenye amonia. Hutoa gesi inayoumiza mapafu, na bafu lenyewe ni chumba kidogo.

Nyufa

Si kila ufa ni janga. Ufa mwembamba kama unywele kwenye lipu, chini ya milimita moja, mara nyingi ni lipu iliyokauka haraka. Wa kuutilia shaka ni ule unaoanza pembeni mwa dirisha na kwenda mshazari, au unaopanda ngazi kwa ngazi kwenye viungo vya matofali, hasa kama na mlango wa karibu umeanza kukwama. Weka alama ya penseli kwenye ncha zake zote mbili, andika tarehe, pima upana, piga picha na rula ikiwepo. Rudia kila mwezi. Ukiwa haujasogea miezi mitatu au minne, uzibe. Ukisogea, au ukipita milimita tano, mwite mhandisi wa majengo kabla ya kumwita fundi rangi. Mwulize kuhusu bomba linalovuja chini na miti iliyo karibu, kwa sababu vyote viwili huondoa au huongeza maji kwenye udongo wa msingi. Picha zako zenye tarehe zitamfaa kuliko maelezo marefu, na zitamtuliza hata mnunuzi.

Umeme, kwa ufupi

Bonyeza kitufe cha majaribio cha kikata umeme, kile kinachozima umeme unapovuja na mara nyingi huandikwa 30 mA (miliampea 30), kila baada ya miezi mitatu. Kisipokata, hakimlindi mtu. Breka inayoruka mara kwa mara isibadilishwe kwa kubwa zaidi. Inalinda waya uliomo ukutani, nao haujanenepa. Ekstensheni ya ampea 10 kwenye volti 230 hubeba wati 2,300, kwa hiyo birika na pasi pamoja ni mzigo wa kuiunguza. Soketi yenye joto au weusi ni ya fundi umeme, leo.

Jirani

Mnunuzi makini hurudi mara ya pili bila sisi, jioni, akamsalimu jirani na kumwuliza: je, hapa maji hujaa mvua ikinyesha? Usiku kuna kelele? Mpaka una mgogoro? Jibu la jirani lina uzito kuliko tangazo letu.

Maji ya paa lako yasianguke kwake. Ugomvi mwingi wa mipaka huanza na tone la mvua, si na ardhi. Kuhusu ardhi, zitafute bikoni zote, yaani alama za mpaka zilizowekwa na mpima ardhi, kwa ramani ya upimaji kabla ya kujenga ukuta, zipige picha pamoja na futi ya kupimia kutoka kwenye pembe ya nyumba, na fundi asizizike kwenye zege.

Ukitaka kukarabati, mpe jirani taarifa wiki moja kabla: kazi inaanza lini, saa za kelele ni zipi, mchanga utawekwa wapi, namba ya msimamizi. Kisha nendeni pamoja mkapige picha ukuta mnaopakana, upande wako na upande wake, kila mmoja abaki na nakala. Bila hivyo, ufa wa miaka kumi utageuka kuwa wa nyundo yako.

Pampu ya maji ikae juu ya mpira mnene, na iunganishwe na bomba kwa kipande cha mpira kinachonyumbulika. Bomba la chuma lililopigiliwa ukutani hupeleka mtetemo hadi kitandani kwa mtu. Jenereta likae nje, mita sita au zaidi kutoka dirisha lolote, lako na lake, moshi ukielekea mbali, maana gesi yake haina harufu na huua mtu usingizini. Taa za ulinzi zielekezwe chini.

Ukiwa na lalamiko, nenda mwenyewe, mchana, na jambo moja tu. Sema kitu kilivyo, usimseme mtu: "maji ya gata yanatulia kwenye ukuta wangu" inajibika, "ninyi hamjali" haijibiki. Lalamiko lililoanzia kwenye kundi la simu mbele ya watu thelathini huwa gumu kumalizika, kwa sababu sasa kila mmoja analinda heshima yake. Mkikubaliana, mtumie ujumbe mfupi wenye tarehe na mlichokubaliana. Kama mna mfereji, njia au taa mnazochangia, andikeni nani analipa sehemu gani wakati vitu bado ni vizima.

Na siku ukisafiri, mpitishe jirani nje ya nyumba, mwonyeshe koki kuu iko wapi na inafungwa kuelekea upande gani. Mwulize na yake iko wapi.