Maswali ya Wasomaji: Mafunzo ya Famasia katika Hospitali Ndogo

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa shahada ya famasia. Chuo kimenipanga kufanya mafunzo kwa vitendo katika hospitali ndogo ya wilaya yenye mfamasia mmoja na mteknolojia dawa mmoja. Wenzangu waliopangiwa hospitali za rufaa huzunguka wodini na madaktari bingwa kila asubuhi, ilhali mimi kutwa nahesabu vidonge dirishani na kupanga maboksi stoo. Isitoshe, mfamasia akiitwa kwenye vikao vya halmashauri huniachia dirisha. Nahofia kurudi chuoni mikono mitupu. Je, niombe kuhamishwa?
Mwanafunzi, Mkoa wa Kigoma

JIBU: Marahaba. Usiombe kuhamishwa kwa sababu ya udogo wa hospitali. Suala la kuachiwa dirisha ni jingine kabisa, na nitalitanguliza kwa kuwa haliwezi kungoja.

Sheria ya Famasi, Sura ya 311, imeiweka kazi ya kutoa dawa mikononi mwa watu wanaotambuliwa na Baraza la Famasi, na mwanafunzi hufanya kazi chini ya usimamizi wao, si badala yao. Kwa hiyo, ukisikia kwamba mfamasia ana safari ya kesho, muulize leo, kwa adabu na mbele ya mteknolojia dawa, ni nani atakayekusimamia. Mara nyingi jibu ni jepesi: wewe utasoma cheti, utaandaa dawa na kuandika maelekezo, na mteknolojia ataikagua kabla haijamfikia mgonjwa. Kama wote wawili hawatakuwepo, mwambieni mganga mfawidhi mapema ili apange mtu. Morfini, pethidini na dawa nyingine zinazodhibitiwa usizitoe peke yako kwa hali yoyote, wala usitie sahihi katika rejesta yake, hata ukiombwa kwa upole kiasi gani.

Tukija kwenye stoo unayoilalamikia, nadhani hapo hujatazama vizuri. Katika hospitali kubwa mwanafunzi huona kipande cha kazi: huyu yuko wodini, yule yuko stoo kuu, na pengine mpaka anaondoka hajawahi kuona agizo la dawa likiandaliwa. Hapo ulipo, mtu yule yule anayekadiria mahitaji ndiye anayeagiza kutoka Bohari ya Dawa (MSD), ndiye anayepokea mzigo, na ndiye anayemtazama mgonjwa usoni siku dawa inapokosekana. Omba ushirikishwe taarifa na maombi ya dawa yatakapoandaliwa, na uje na kikokotoo na leja.

Chukua mfano huu. Leja inaonyesha kwamba kapsuli 9,000 za amoksilini zilitoka katika siku 90. Mwanafunzi mwenye haraka atagawa kwa miezi mitatu na kuandika matumizi ya kapsuli 3,000 kwa mwezi. Lakini ukifuatilia kadi inayokaa rafuni kando ya dawa yenyewe, utakuta kwamba kwa siku 30 kati ya hizo salio lilikuwa sifuri. Maana yake kapsuli 9,000 zilitumika katika siku 60 tu, kwa hiyo mahitaji halisi ni 4,500 kwa mwezi. Hospitali ikiagiza kwa kufuata ile 3,000, dawa itakwisha tena mapema, kipindi kijacho hesabu itaonyesha tena matumizi madogo kuliko mahitaji halisi, na upungufu utaendelea kujizaa wenyewe huku kila mtu akilaumu Bohari. Bohari ina matatizo yake, sikatai, lakini nimeona vituo vingi vikijinyima dawa kwa hesabu zao wenyewe.

Unapopanga maboksi, usipange tu kwa kufuata yaliyotangulia kufika. Yanayokaribia kuisha muda wa matumizi ndiyo yakae mbele, hata kama yaliingia jana. Ukikuta dawa nyingi ambazo kwa kasi ya sasa hazitakwisha kabla ya muda wake, mwonyeshe mfamasia mapema, ili kupitia mfamasia wa wilaya zihamishiwe kituo cha afya au zahanati yenye uhitaji.

Kuhusu wodi, hakuna daktari bingwa wa kukuongoza, lakini wagonjwa wapo, tena katika mkoa wenye malaria nyingi kama wako. Nenda wodi ya watoto na umwombe muuguzi wa zamu akuruhusu kutazama artesuneti ya sindano ikitayarishwa. Kichupa kina miligramu 60 za unga. Kwanza unayeyushwa kwa mililita 1 ya sodiamu baikaboneti ya 5%, kisha huongezwa mililita 5 za maji ya chumvi kama sindano itapita mshipani, au mililita 2 kama itachomwa kwenye msuli. Hiyo ina maana kwamba dawa ya mshipani ina miligramu 10 katika kila mililita, na ya msuli ina miligramu 20. Mtoto mwenye uzito wa chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo. Basi mtoto wa kilo 10 atahitaji miligramu 30, yaani mililita 3 mshipani au mililita 1.5 kwenye msuli. Hebu fikiri muuguzi aliye peke yake usiku na wodi imejaa: akichanganya kwa njia moja na kupima kwa njia nyingine, mtoto atapata nusu ya dozi au dozi mara mbili. Andaa jedwali la uzito na mililita kwa njia zote mbili, mfamasia na daktari walikague na kuliidhinisha, kisha libandikwe mahali dawa inapotayarishiwa. Kazi hiyo moja itakufundisha hesabu za dozi kuliko mtihani, na itabaki ikitumika baada yako.

Ukiwa huko, pitia wodi ya wazazi na ufungue jokofu. Oksitosini, inayozuia mama kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua, huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Je, kipimajoto kipo? Je, joto linaandikwa asubuhi na jioni, au karatasi ilijazwa yote kwa siku moja kwa kalamu moja? Umeme ukikatika, dawa huhamishiwa wapi? Ukikuta kasoro, mpelekee mfamasia taarifa faragha, si kwenye kikao cha asubuhi mbele ya watu wote, kwani wewe ni mgeni pale.

Na hilo dirisha usilidharau. Mzazi anayepewa dawa mseto ya malaria (ALu) kwa mtoto wa kilo 14 hupewa vidonge 6, na wa kilo 15 hupewa 12, kwa hiyo mtoto apimwe uzito, asikisiwe kwa umri. Mweleze mzazi kwamba dozi ya pili hutolewa zikishapita saa nane tangu dozi ya kwanza, na kwamba dawa hiyo hufanya kazi vizuri zaidi ikinywewa pamoja na chakula au maziwa. Kisha mwombe akueleze wewe jinsi atakavyompa mtoto. Iwapo mama anaelewa Kiha vizuri kuliko Kiswahili, tafuta mtumishi wa kukusaidia. Kutikisa kichwa dirishani, foleni ikiwa ndefu nyuma yake, hakuonyeshi kwamba ameelewa.

SWALI: Ndugu mtaalamu, mimi ni mteknolojia dawa na husimamia wanafunzi hospitalini kwetu. Siku ya mwisho huniletea kitabu cha mafunzo nitie sahihi kila ukurasa, pamoja na mambo ambayo hapa hatuyafanyi kabisa, kama kuandaa dawa za saratani. Nikikataa, wanasema nawafelisha. Nifanyeje?
Msimamizi, Mkoa wa Ruvuma

JIBU: Ndugu, usitie sahihi kwa jambo ambalo hukuliona likifanyika. Sahihi yako inalithibitishia taifa kwamba huyu kijana anaweza. Katika nafasi husika andika “halifanyiki katika hospitali hii”, weka tarehe, na umpigie mratibu wa mafunzo wa chuo katika wiki ya kwanza, muda ukiwa bado upo wa kumtafutia mwanafunzi nafasi kwingine. Mengine yatieni sahihi jioni ya siku yalipofanyika. Anayekuja na kitabu kitupu siku ya mwisho, mpe ukurasa mmoja mmoja arudie kazi mbele yako, na kama basi lake linaondoka alfajiri, kitabu kibaki na nafasi zake wazi.