Kupima daiodi na transista kwa kifaa cha kujitengenezea

Kaka umeuliza utengeneze nini cha kuonyesha mkunjo (mchoro wa jinsi umeme unavyopita volti zikibadilika) wa daiodi na transista, maana multimita inakwambia nzima halafu ukiifunga redio bado haiimbi. Kama una osiloskopu (skopu, kifaa cha kuchora umeme kwenye kioo) ya zamani yenye X-Y, yaani ingizo moja linachora kwa ulalo na jingine kwa wima, huna haja ya kununua mashine, tafuta transfoma ndogo ya volti 6 AC, unga rezista ya kilo-omu 1 kwa mfuatano na kitu unachopima, graundi ya skopu iwe pale viwili vinapokutana, X ncha ya pili ya kitu, Y ncha ya pili ya rezista, picha ikigeuka bonyeza inveti (kitufe cha kupindua picha). Daiodi ya silikoni utaona mstari umelala halafu unapanda ghafla kwenye volti 0.6 hivi, ya jemaniamu kama 0.3, iliyoshoti inasimama wima, kapasita inachora yai. Ila kona ikiwa ya mviringo badala ya kali ujue daiodi inavujisha umeme, na hapo ndo multimita inakudanganyaga! Transista pima kati ya miguu yake miwili, bezi na emita, ikikunja upande wa pili kwenye volti 6 mpaka 8 usiitupe, ziko hivyo. Na tafadhali sakiti iwe imezimwa, kapasita umezimaliza chaji, usiunge umeme wa ukutani moja kwa moja bila transfoma.